Kutoka Mau hadi Visiwa vya Baringo: Likizo ya Kufuata Maji

Mto Njoro huanza katika Msitu wa Mau Mashariki, hushuka kupitia mashamba ya Njoro, hupita kando ya mitaa ya Rhonda na Kaptembwa magharibi mwa jiji la Nakuru, kisha huishia katika Ziwa Nakuru. Urefu wake wote ni kati ya kilomita 50 na 60. Katika mwendo huo mfupi mto unapita msitu wa milimani, mashamba, mji, mbuga na ziwa la magadi. Ukiongeza maziwa mawili jirani yenye visiwa, Naivasha upande wa kusini na Baringo upande wa kaskazini, unapata likizo kamili ya msitu, mto na visiwa, na kila kituo kinafikika kwa gari kutoka Nakuru kwa saa chache.

Likizo ya aina hii inajulikana sehemu nyingi za dunia. Katika bonde la Amazon, mgeni hulala ndani ya meli inayopanda mto katikati ya msitu wa mvua. Bonde la Ufa la Kenya halina mto wa namna hiyo. Mito yake ni midogo, ina mawe mengi, na mingine hukauka kiangazi. Kwa hiyo hapa msitu na mto hutembelewa kwa miguu, mbuga hutazamwa kutoka ndani ya gari, na boti hupandwa mgeni anapofika kwenye maziwa yenye visiwa.

Msituni

Mau ndio msitu mkubwa kuliko yote ya milimani nchini Kenya, wenye ukubwa wa takriban hekta 400,000. Ni mkusanyiko wa misitu kadhaa iliyotandaa juu ya ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Mvua inayonyesha juu yake hunywewa na udongo na mizizi, kisha hutoka polepole kama chemchemi na kuwa mito. Njoro, Makalia na Nderit hushuka kuelekea Ziwa Nakuru. Molo huelekea Baringo. Mara huelekea Ziwa Victoria kupitia Maasai Mara na Serengeti. Ndiyo sababu Wakenya wameuita msitu huu mnara wa maji.

Anayetembea ndani ya Mau huona miti ikibadilika kadiri anavyopanda. Chini kuna mitarakwa na mipodo, na juu zaidi kuna mianzi. Mbega weusi kwa weupe huruka kutoka tawi hadi tawi. Katika maeneo ya Nessuit na Mariashoni wanaishi Waogiek, jamii ambayo tangu zamani imetegemea msitu kwa asali, dawa na uwindaji. Mizinga yao ya magogo hupachikwa juu ya miti mirefu, na mlina asali hujua nyuki wamefuata maua ya mti gani kwa rangi na ladha ya asali yenyewe. Kiongozi anayetoka katika jamii hiyo humfundisha mgeni mambo ambayo kitabu cha miti hakiyataji.

Historia ya msitu huu ina migogoro. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 kutoka Mau, sehemu kubwa ikiwa upande wa mashariki, na ardhi hiyo ikageuzwa kuwa mashamba na makazi. Mwezi Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika ardhi yao, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Mgeni anayepita kutoka shamba la viazi hadi ukingo wa msitu kwa hatua chache tu anayaona matokeo ya uamuzi huo wa 2001 kwa macho yake.

Kuingia katika msitu wa serikali kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu Kenya. Tangu sheria ya misitu ya 2005, wakazi wa kando ya misitu wameruhusiwa kuunda vyama vya kushiriki katika utunzaji wake, na mara nyingi viongozi wa matembezi hupatikana kupitia vyama hivyo.

Mtoni, hadi Rhonda

Chini ya msitu, Mto Njoro hupita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Kando ya mto huo liko pango ambalo Louis na Mary Leakey walilichimbua mwaka 1938. Ndani yake walikuta mabaki ya watu waliochomwa baada ya kufa, pamoja na shanga, vinu vya mawe na vyombo vingine vya wafugaji walioishi hapa miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Kwa hiyo ufugaji kando ya Mto Njoro ni wa kale kuliko mji wowote ulio karibu nao.

Mto unapofika Rhonda huwa umeshabeba udongo wa mashamba na taka za miji. Wakati wa mvua maji yake huwa ya kahawia, na kiangazi sehemu za chini huweza kukauka kabisa. Miti iliyo mtoni kule juu huzuia udongo. Inapokatwa, mvua ileile huja kwa kishindo, na baadaye mto hukauka mapema. Mtu aliyeuona msitu asubuhi na mto wa Rhonda mchana hahitaji maelezo marefu kuhusu uhusiano huo. Karibu na mtaa kuna pia mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji, na ndege wa majini hupenda kutua humo kana kwamba ni ziwa dogo.

Ng'ambo ya uzio wa umeme ipo Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, yenye eneo la kilomita za mraba 188. Ziwa lilianza kulindwa kama hifadhi ya ndege mwaka 1960, na mwaka 1968 likawa mbuga. Mwaka 1987 mbuga ilifanywa kuwa hifadhi ya vifaru weusi, na mwaka 1990 ziwa lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2011, pamoja na maziwa Bogoria na Elementaita, liliandikwa kuwa Urithi wa Dunia.

Ziwa Nakuru halina mto wa kulitoa maji. Maji huingia kwa mito na mvua, na hutoka kwa kuvukizwa na jua, huku chumvi na magadi vikibaki. Katika maji hayo hustawi viumbe vidogo vya kijani viitwavyo spirulina, ambavyo ndivyo chakula cha heroe wadogo. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda sana na eneo la ziwa likaongezeka kwa zaidi ya nusu. Lango kuu la zamani lilifunikwa, na nyumba za wakazi wa pembezoni zikafikiwa na maji. Magadi yalipopungua nguvu, spirulina ilipungua pia, na makundi makubwa ya heroe yakahamia kwingine, hasa Bogoria. Wengine walinufaika: mwari na minandi hupata samaki tele. Miti iliyokufa ikiwa imesimama majini ni ushahidi wa ukingo wa zamani ulipokuwa.

Visiwa vya Naivasha

Naivasha iko kilomita zipatazo 70 kusini mashariki mwa Nakuru. Ingawa ziwa hili nalo halina mto wa kulitoa maji juu ya ardhi, maji yake hayana chumvi, kwa sababu sehemu yake hupenya chini kwa chini na kuondoka na chumvi hiyo. Mto Malewa, unaotoka milima ya Nyandarua, ndio unaoliletea maji mengi zaidi. Ziwa liliingia katika orodha ya Ramsar mwaka 1995.

Boti hupatikana kwenye hoteli zilizo kando ya ziwa na katika fuo za umma kama Karagita na Kamere. Safari ya kawaida hupita kando ya mafunjo, ambamo viboko hupumzika mchana, kisha huelekea Crescent Island. Jina hilo limetokana na umbo la mwezi mwandamo, kwani kisiwa ni sehemu ya mdomo wa volkeno iliyozama, na maji yaliyo ndani ya duara hilo ndiyo yenye kina kirefu katika ziwa lote. Maji yanapopungua sana, kisiwa huungana na nchi kavu. Hakuna simba wala chui wakaao humo, kwa hiyo mgeni hushuka na kutembea kwa miguu kati ya twiga, pundamilia, nyumbu na kuro.

Mabaharia wengi hubeba samaki mdogo waliyemtia kipande cha bua la mafunjo ili aelee. Humrusha majini na kupiga mbinja, na tai mla-samaki aitwaye furukombe hushuka kutoka mtini na kumnyakua kwa makucha. Ni tamasha linalopendwa na wapiga picha. Hata hivyo viongozi waangalifu hawalirudiarudii, ili ndege asizoee kulishwa na binadamu.

Visiwa vya Baringo

Barabara ya kaskazini kutoka Nakuru huvuka mstari wa ikweta karibu na Mogotio, na hewa hubadilika ghafla. Nakuru iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Baringo iko karibu na mita 1,000, na joto ni kali. Kabla ya kufika Baringo, njia ya pembeni kutoka Marigat humpeleka msafiri Ziwa Bogoria, ambako maji yanayochemka hurushwa hewani kutoka ardhini. Lilifanywa kuwa hifadhi mwaka 1973, na Waendorois waliokuwa wakiishi hapo waliondolewa. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba haki zao zilikiukwa.

Safari za boti za Baringo huanzia Kampi ya Samaki. Ziwa hili lina maji yasiyo na chumvi, lina mamba na viboko, na limo katika orodha ya Ramsar tangu mwaka 2002. Zaidi ya aina 400 za ndege zimeorodheshwa hapa, akiwemo korongo mkubwa kuliko korongo wote duniani. Kisiwa kikubwa, Ol Kokwe, kina chemchemi za maji moto na makazi ya Wailchamus, wafugaji na wavuvi wasemao lugha ya jamii ya Kimaa. Mtumbwi wao wa asili hufungwa kwa vigogo vya mti mwepesi wa majini, na mvuvi huuendesha kwa makasia madogo yaliyoshikwa mikononi. Kwa kuwa mti huo hunyonya maji, mtumbwi haudumu sana, na mvuvi hulazimika kuunda mwingine mara kwa mara.

Baringo nalo limepanda. Mwaka 2011 twiga wanane wa aina ya Rothschild walipelekwa Longicharo, ndani ya hifadhi ya Ruko, iliyoundwa kwa pamoja na Wailchamus na Wapokot baada ya miaka ya uhasama. Wakati huo Longicharo ilikuwa rasi. Maji yakapanda, rasi ikawa kisiwa, na malisho yakaanza kupungua. Tarehe 2 Desemba 2020 twiga wa kwanza, Asiwa, alivushwa akiwa amesimama ndani ya chelezo ya chuma iliyoelea juu ya mapipa matupu. Wa mwisho walivushwa Aprili 2021, na wote tisa waliokuwepo wakafika salama.

Kiongozi, majira na usalama

Kiongozi mzuri hujulikana kwa macho, masikio na mafunzo yake. Chama cha Wataalamu wa Kuongoza Safari Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1996, huwapima viongozi na kuwapa daraja za shaba, fedha na dhahabu. Mgeni ana haki ya kuuliza kiongozi wake ana daraja gani. Kwenye boti, nahodha mzawa wa ziwa ndiye anayejua viboko walipolala na upepo unapotokea.

Viboko ndio hatari kubwa zaidi. Boti haipaswi kupita kati ya kiboko na maji ya kina, wala kumsogelea mama mwenye mtoto. Kila abiria, hata ajuaye kuogelea, huvaa jaketi la kujiokoa kabla ya boti kuondoka. Safari hufanywa asubuhi, kwa sababu mchana upepo huamka na kuinua mawimbi Naivasha na Baringo pia.

Miezi ya Januari na Februari, na ile ya Juni hadi Oktoba, hufaa kwa kutembea msituni, maana njia huwa kavu. Wapenda ndege huchagua Novemba hadi Aprili, wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wanapokuwa Bonde la Ufa. Ada za mbuga za Huduma ya Wanyamapori hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, na raia wa Kenya hutozwa kidogo kuliko wageni wa nje. Bei ya boti hupangwa kwa boti nzima au kwa kila abiria, hivyo hukubaliwa ufukweni kabla ya kupanda.

Siku tano zinatosha kwa safari yote: moja msituni Mau na kando ya Mto Njoro, moja Ziwa Nakuru, moja Naivasha, na mbili Bogoria na Baringo. Asiye na gari anaweza kufika Njoro, Naivasha na Marigat kwa matatu kutoka Nakuru. Mwenye siku moja tu huanzia msituni asubuhi, akaufuata mto hadi Rhonda, na jioni akawa ndani ya mbuga akiyatazama maji yaleyale yakiwa ziwa.