Mmea wa Sebuleni Uliochanua Uani

Yuko mgeni katika sebule zetu ambaye kwa hakika si mgeni. Ni mmea ule wa chunguni wenye mabua manene na majani yang'aayo mithili ya yaliyopakwa mafuta. Wauza miche huuita ZZ. Wataalamu huuita Zamioculcas zamiifolia. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa Uholanzi wameuzalisha kwa wingi, ukaenea majumbani ulimwenguni kote. Lakini asili yake ni Afrika, kuanzia Kenya hadi KwaZulu-Natal, na katika misitu ya pwani yetu huota wenyewe.

Sifa yake ni subira. Chini ya udongo una viazi vinavyoweka akiba ya maji, hivyo huvumilia kiu na giza. Hata hivyo, kuvumilia si kustawi. Ndani ya nyumba huweza kukaa miaka mingi bila kuchanua.

Hutokea mama akautoa uani wakati wa usafi wa kuikaribisha Ramadhani, akausahau chini ya mwarobaini. Mwanga ukaufikia, mvua ikaunywesha, na baada ya miezi akaona ajabu: chini kabisa, baina ya mabua, kimechomoza kitu mfano wa kigunzi kidogo cha hindi, cheupe cha maziwa, kimekumbatiwa na jani dogo la kijani. Subhanallah, hilo ndilo ua lake. Halina rangi za kujionyesha, na asiyelijua huweza kulikata akidhani ni uozo. Liacheni.

Anayetaka kuujaribu asiuhamishie juani ghafla, kwani jua la adhuhuri huunguza majani. Auweke barazani kwanza, kisha kwenye kivuli chepesi. Chungu kiwe na tundu chini, na maji yatiwe udongo ukishakauka, maana yakituama viazi huoza.

Wenye watoto watambaao wauinue mbali nao. Utomvu wake huwasha ngozi, na jani likitafunwa huchoma mdomo na koo. Baada ya kuukata, nawa mikono.

Mmea ukishajaa, chomeka jani moja udongoni. Kwa miezi kadhaa litakaa kimya, kisha litafanya kiazi na kuchipua. Hiyo ni zawadi njema kwa jirani au kwa binti anayeanza nyumba yake.