Njia za Mji wa Kale na Mwendo wa Magari

Mji wa Kale wa Mombasa ulijengwa kabla ya kuwako motokaa. Njia zake zilikusudiwa watu waendao kwa miguu, punda, na hamali wenye mizigo. Hata leo dereva aingiaye Ndia Kuu kutoka upande wa Ngome ya Yesu hupunguza mwendo bila ya kuamriwa na askari, kwa kuwa kuta zi karibu, pembe zimeficha yaliyo mbele, na wazee huketi barazani kando ya njia.

Mambo ni mengine katika barabara pana za kisiwani, kama vile Digo Road na Moi Avenue. Huko nafasi humshawishi dereva kukimbiza gari, ingawa sheria ya Kenya hukataza kupita kilomita 50 kwa saa mjini. Aendaye mwendo huo hukata mita 14 hivi katika sekunde moja, yaani pengine kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Akienda kilomita 30, hukata mita 8 tu. Tofauti hiyo yaweza kuwa uhai wa mtoto atokaye chuoni.

Kwa sababu hiyo mafundi hujenga matuta. Lakini si kila tuta ni jema. Lililo fupi na la ghafula huvunja springi, humtesa mgonjwa aliye garini, na hamali mwenye mkokoteni uliojaa hushindwa kulipanda. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Uingereza walipima tuta la mviringo, kimo chake sentimita 10, na urefu wake kwa kufuata njia mita 3.7. Hilo humsumbua mwenye kwenda mbio, wala halimdhuru aendaye polepole. Yafaa lipakwe rangi, liwekewe kibao mbele yake, na kandoni iachwe nafasi ya maji ya mvua.

Tena, mwendo waweza kupunguzwa kwa kuinua kivuko cha miguu au kuifanya njia nyembamba penye kivuko. Mjini Delft, Uholanzi, tangu mwisho wa miaka ya 1960, njia za mitaani zilitiwa kona na miti ili gari liende kwa mwendo wa mtu.

Elimu hiyo si ngeni Mombasa, kwani pembe na baraza za Mji wa Kale hufanya kazi iyo hiyo. Basi atakaye kuzibomoa ili magari yapite kwa wepesi na afikiri kwanza: njia ikipanuliwa, mwendo huzidi, na mwenye kuumia ni yule aendaye kwa miguu.