Juu ya nini mashini za kiwanda zinabana majibu nane ndani ya baiti moja

Pompi ya maji haina maneno mengi. Inatembea ao imesimama. Tanki imejaa ao bado. Kila jibu ni ndiyo ao hapana, na kwa kompyuta jibu la namna hiyo linaenea ndani ya biti moja tu.

Zamani kila ishara ilivutiwa waya yake. Siku hizi ishara nyingi zinapita kwenye waya mbili, mashini zikiongea lugha moja. Moja ya lugha hizo ni Modbus, iliyotolewa mwaka 1979 na kampuni Modicon ya Marekani, na hata leo viwanda vingi vinaitumia. Otomati, ni kusema kompyuta ndogo yenye kuongoza mashini, inauliza. Kila kituo kinajibu kwa zamu. Asiyeulizwa haongei.

Tuchukue mfano: vituo 10 vya maji, kila kimoja na ishara 32, mwendo wa biti 9600 kwa sekunde. Baiti moja (wengine wanasema okteti) ina biti 8, lakini kwenye waya inasafiri na biti za kuilinda, jumla 11.

Fundi akiuliza ishara moja moja, ulizo ni baiti 8 na jibu baiti 6. Mara 32, hiyo ni baiti 448: zaidi ya nusu sekunde kwa kituo kimoja, sekunde 5 kwa vituo vyote, bila kuhesabu kimya cha kati ya ujumbe. Bomba likipasuka, sekunde 5 ni maji mengi. (Kifungo cha kusimamisha kwa dharura, chenyewe kiwe na waya yake pembeni. Kisingoje zamu.)

Akiuliza zote 32 pamoja, lakini kila ishara imewekwa peke yake ndani ya rejista ya biti 16, jibu ni baiti 69. Mzunguko wa vituo vyote unachukua karibu sekunde 0,9. Ni kama lori inayotoka Butembo mpaka Goma na gunia moja.

Sasa abane ishara 8 ndani ya kila baiti. Zote 32 zinaenea katika baiti 4, na jibu zima ni baiti 9. Mzunguko unashuka mpaka sekunde 0,2. Waya ni ile ile, hakuna franka iliyotoka.

Lakini kubana kuna hatari yake, na hapa njo mafundi wengi wanapotea. Katika usomaji huo wa Modbus, ishara ya kwanza inakaa kwenye biti ya chini ya baiti ya kwanza. Kwa rejista, baiti ya juu njo inatangulia. Ukichanganya hizo mbili, ishara ya 1 inasomwa kama ya 9: skrini inasema tanki imejaa, kumbe ni mlango wa kabati uko wazi. Na hakuna alama ya kosa itakayoonekana, juu hesabu ya kuhakikisha inaangalia tu kama biti zimefika nzima, haijui maana yake.

Kwa kutoa amri ni vilevile. Ukibana amri 16 ndani ya rejista moja, kuiandika upya kunagusa zote 16. Wawili wakiandika kwa wakati mmoja, wa mwisho anafuta kazi ya wa kwanza. Modbus ina amri namba 22 yenye kugeuza biti zilizochaguliwa tu, lakini si vifaa vyote vinaijua.

Kwa hiyo orodha ya biti ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Na mbele ya kuwasha, fundi mmoja awashe ishara moja moja kule kituoni, mwenzake aangalie kwenye skrini ni biti gani inageuka.