Uvimbe Mgongoni na Maumivu Yasiyokoma: Pimwa Kabla ya Kununua Dawa

Maumivu ya mgongo ni miongoni mwa sababu zinazowafikisha watu wengi katika maduka ya dawa. Mara nyingi hutokana na misuli iliyochoka au kukaza, nayo hupungua katika majuma machache. Hali huwa tofauti pale mgonjwa, au mtu anayemkanda, anapokuta uvimbe ambao chanzo chake hakijulikani. Muuzaji wa dawa husikiliza maelezo ya maumivu. Hana vifaa vya kuupima uvimbe wenyewe.

Uvimbe huo unaweza kuwa nini?

Aghalabu si ugonjwa wa kutisha. Uvimbe wa mafuta huwa laini, husogea ukibonyezwa, hukua polepole na kwa kawaida hauumi. Kifuko cha chini ya ngozi huwa cha duara, na pengine huwa na kitundu cheusi juu yake. Jipu huuma, huwa na joto na hukua katika siku chache. Huenda pia uvimbe usio na madhara na maumivu ya misuli vikatokea kwa pamoja bila kuhusiana.

Hata hivyo, yapo magonjwa yasiyopaswa kucheleweshwa. Mojawapo ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vimelea vya ugonjwa huo husafiri katika damu hadi kwenye pingili za mgongo na kuziharibu polepole. Pingili zikiporomoka, mfupa hujitokeza kama kinundu katikati ya mgongo. Usaha nao unaweza kujikusanya na kufanya uvimbe laini usio na joto, ambao watu huudhania kuwa si jipu. Mgonjwa anaweza asikohoe kabisa, ndiyo maana wengi hawaufikirii ugonjwa huu. Baadhi ya saratani pia huanza kwa uvimbe na maumivu ya namna hiyo.

Jinsi dawa zinavyoweza kuficha ugonjwa

Diklofenaki na aibuprofeni hutuliza maumivu na kushusha homa, lakini haziondoi chanzo chake. Mgonjwa hujiona amepata nafuu huku mfupa ukiendelea kuharibika. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi, dawa hizo zinaweza kusababisha vidonda na kutokwa damu tumboni, na kudhuru figo.

Jihadhari pia na vidonge vilivyofungwa katika karatasi bila lebo, au unga unaouzwa kwa jina la "dawa ya mgongo". Katika nchi mbalimbali, uchunguzi wa maabara umewahi kubaini steroidi zilizochanganywa kwa siri katika dawa za aina hiyo. Steroidi huleta nafuu ya haraka, lakini hudhoofisha kinga ya mwili na kukipa kifua kikuu nafasi ya kuenea.

Uvimbe usikamuliwe, usichanjwe, usiumikwe wala kukandwa kwa nguvu kabla ya kujulikana ni nini.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Usisubiri iwapo:
- maumivu yamedumu kwa majuma kadhaa, au hukuamsha usiku;
- uvimbe unakua, ni mgumu, hausogei, au umezidi sentimita 5;
- una homa za jioni, jasho jingi usiku, au unapungua uzito;
- umewahi kuugua saratani au kifua kikuu, au unaishi na mgonjwa wa kifua kikuu.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo iwapo miguu inakosa nguvu au inakufa ganzi, unashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mkojo umeziba, au umepata ganzi sehemu za siri. Dalili hizo zaweza kumaanisha kuwa uti wa mgongo unabanwa, na kuchelewa huweza kuleta ulemavu wa kudumu.

Mambo ya kumweleza mtoa huduma

Eleza uvimbe ulionekana lini, umebadilika vipi, na maumivu huzidi wakati gani. Beba paketi za dawa zote ulizotumia, zikiwamo za asili, bila kuona haya. Mtoa huduma ataugusa uvimbe, na akiona haja ataagiza picha ya eksirei, kipimo cha altrasaundi, au sampuli inayochukuliwa kwa sindano. Uliza kila kipimo kinalenga kutambua nini, na majibu yatatoka lini.

Endapo itabainika kuwa ni kifua kikuu, dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini Tanzania. Matibabu ya kifua kikuu cha mifupa huchukua muda mrefu kuliko yale ya mapafu, mara nyingi hadi miezi 12. Mgonjwa aliyeanza dawa mapema, kabla miguu haijadhoofika, ana nafasi kubwa ya kupona na kuendelea na kazi zake.