Vifuniko na Hudi za Lenzi: Ununue Gani?

Kitui na Makueni kuna vijana wengi wanaojitafutia riziki kwa kupiga picha za arusi, komunio ya kwanza na harambee. Kamera mara nyingi ni ya kikundi. Lenzi ikikwaruzwa, ni akiba ya wote imekwaruzwa. Kwa hivyo tuongee juu ya kifuniko na hudi.

Ukipanda boda boda kutoka Wote kiangazi cha Julai au Agosti, vumbi jekundu huingia popote, hata ndani ya mkoba uliofungwa. Kifuniko kisichobana huanguka njiani, basi usinunue kwa kukadiria na jicho. Tazama ukingo wa mbele wa lenzi: kuna alama ya duara lililokatwa na mstari, halafu namba, tuseme 58. Hizo ni milimita, na ndizo za kumtajia mwenye duka. Wengi humtajia 18-55. Hiyo ni namba ya kuvuta karibu na mbali, haihusu kifuniko hata kidogo! Lenzi za Nikon za 18-55 zenyewe hazifanani: ya AF-S huchukua kifuniko cha 52, ya AF-P cha 55. Chagua kinachobanwa katikati. Hicho hutoka hata hudi ikiwa mahali pake.

Hudi nayo si pambo, ingawa wengine huivaa ati waonekane mafundi. Kazi yake ni ile ya kiganja unapokinga macho: huzuia mwanga wa kando, ule unaofanya weusi uwe kijivu na kuleta madoa ya mwanga. Utaona faida yake saa kumi na moja jioni, jua limeinama, kikundi kimesimama juu ya bwawa la mchanga kupigwa picha ya ripoti. Lakini jua likiwa ndani ya picha yenyewe, hudi haisaidii.

Lenzi ya kuona pana hutaka hudi fupi, ya kuvuta mbali hutaka ndefu. Ukikosea, pembe za picha zitakuwa nyeusi. Ijaribu hapo hapo dukani: fungua lenzi iwe pana kabisa, piga ukuta mweupe, uangalie pembe. Ukitumia taa ya kamera yenyewe, toa hudi, la sivyo kivuli chake kitamkalia bibi arusi miguuni.

Pesa zikitosha kimoja tu, mimi ningeanza na kifuniko.