Mayai kwenye friza, daluga uwanjani

Straika ana miaka 27, ndo kwanza anawaka. Azae sasa au asubiri? Swali hilo linawahusu mabinti wote wa soka, wa Pangani kule Kibaha hadi Simba Queens. Fifa tangu 2021 imeweka likizo ya uzazi ya wiki 14. Wenzao wa kikapu Marekani wamefika mbali: mkataba wa WNBA wa 2020 uliwatengea wachezaji wakongwe hadi dola 60,000 za gharama za uzazi, kugandisha mayai ikiwemo.

Inafanyikaje? Unachomwa sindano za homoni siku 10 hadi 12 hivi ili mayai mengi yakomae pamoja, maana kawaida hukomaa moja kwa mwezi. Daktari anayavuta kwa sindano ukiwa umepewa dawa ya usingizi, yanahifadhiwa kwenye naitrojeni, nyuzi hasi 196.

Kwa mchezaji shughuli iko hapa: ovari huvimba, ukikimbia na kuruka zinaweza kujisokota. Mazoezi makali basi kwanza. Hii ni kazi ya mapumziko ya msimu, siyo katikati ya ligi!

Ukiwa tayari, yanayeyushwa na kurutubishwa maabara, kiinitete kinawekwa tumboni. Yaliyogandishwa kabla ya miaka 35 yana nafasi nzuri zaidi, ila si kila yai linafika huko.