Mkongojo si Aibu kwa Mwenye Maumivu ya Nyonga

Katika misikiti mingi ya pwani yetu, khatibu hupanda mimbari siku ya Ijumaa na fimbo mkononi, wala hapana mtu katika safu amwonaye kuwa dhaifu. Wazee wetu wa kanzu na kofia za vito hawakuwa wakitoka kwenda barazani bila ya bakora. Na Lamu, vijana wakicheza kirumbizi, fimbo zao ndizo zinazowapandisha watu mori. Lakini mwanamke wa miaka 35 akitoka nje na mkongojo kwa sababu nyonga yamuuma, mtaa mzima humgeukia na kunong'ona. Fimbo ni ile ile. Kilichobadilika ni macho ya watu.

Jambo hili twaweza kulitazama vizuri tukienda mbali kidogo na pwani. Basi litokalo Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali. Kisha hupita Sultan Hamud, mji wenye jina la Sultan Hamud bin Muhammad wa Unguja, aliyetawala tangu 1896 hata 1902. Baada ya Salama, ndipo lifikapo Malili katika kaunti ya Makueni. Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga mji mpya wa teknolojia wa Konza, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akauzindua ujenzi wake. Lakini mji wa kisasa ukijengwa, watu wa vijiji vya jirani wangali wakienda kwa miguu: sokoni, mtoni, zahanati. Mwanamke wa Kikamba tangu zamani hubeba mzigo wake mgongoni, ukanda ukiwa umepita juu ya paji la uso. Kuni, maji na mtoto, vyote hivyo uzito wake huishia mahali pamoja, nao ni nyonga.

Nyonga ndiyo daraja baina ya kiwiliwili na miguu. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, kama afanyavyo katika kila hatua, uzito wa mwili huning'inia upande wa mguu ulioinuliwa. Ili asianguke, misuli ya upande aliosimamia hukaza kwa nguvu nyingi. Basi kiungo cha nyonga hubeba uzito wa mwili, na juu yake hubeba mkazo wa misuli hiyo. Ukijumlisha, mzigo huo hufika kiasi cha mara mbili na nusu au hata tatu ya uzito wa mtu mwenyewe. Mwenye kilo 60 huiwekea nyonga yake mzigo wa kilo 150 na zaidi, hatua baada ya hatua. Nyonga nzima haihisi. Nyonga iliyougua hulia.

Hapo ndipo tuonapo hekima ya fimbo, na hapo ndipo wengi wakoseapo. Mtu aumwaye nyonga ya kulia huishika fimbo kwa mkono wa kulia, akidhani aisaidia pale penye maumivu. Sivyo. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa pili. Nyonga ya kulia ikiuma, fimbo iwe kushoto, nayo iende mbele pamoja na mguu mgonjwa. Sababu yake aijua kila aliyewahi kutumia mizani: kitu kikiwa mbali na mhimili, nguvu ndogo huinua kizito. Mkono ulio mbali na nyonga ukisukuma fimbo kidogo tu, misuli ya upande mgonjwa hupumzika sana. Mwaka 1956 daktari wa mifupa wa Marekani, Walter Blount, aliandika makala ambayo anwani yake ilikuwa ni kuwasihi watu wasiitupe bakora. Aliona wagonjwa wakiona haya kuishika, na haya hiyo ikiwazidishia maumivu. Tabia hiyo, basi, si yetu peke yetu.

Kipimo nacho kina adabu yake. Mtu asimame wima na viatu vyake, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono, ili aishikapo kiwiko kipinde kidogo. Fimbo ndefu hupandisha bega, na fupi huinamisha mgongo. Chini itiwe kofia ya mpira, maana sakafu ya vigae huteleza, na ule udongo mweusi wa bara mvua ikinyesha hunata na kuzamisha ncha nyembamba. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, na kushuka hutangulia mguu mgonjwa pamoja na fimbo.

Maumivu yakiwa pande zote mbili, au katikati pale mifupa ya mbele ya nyonga inapoungana, kama wapatavyo baadhi ya wanawake wenye mimba, fimbo moja haitoshi. Hapo hutakiwa magongo mawili. Nayo hubebwa kwa viganja, si kwa makwapa. Mwenye kujitundika kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, akaja akapoteza nguvu za mkono.

Lakini fimbo haimwambii mtu auguacho. Maumivu ya nyonga yakaayo miezi sita na zaidi yana asili nyingi. Yako ya kiungo kilicholika. Yako ya selimundu, ugonjwa tuujuao sana pwani, ambao huzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja mpaka kikafa. Ndiyo sababu pengine kijana wa miaka 20 huonekana akichechemea kama mzee. Yako pia yatokayo tumboni kwa mwanamke, pale nyama zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi zinapoota nje yake. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa ugonjwa huo humpata kiasi cha mwanamke 1 katika kila 10 wenye umri wa kuzaa. Huyo akishika fimbo siku ya maumivu makali hapati dawa, bali hupata njia ya kufika jikoni, chooni na hospitali bila ya kuanguka.

Wanawake wetu wengi huyaficha maradhi ya sehemu hizo, wakiambiwa kuwa ndivyo walivyo wanawake. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Nyonga ikiuma pamoja na homa, au mapaja yakifa ganzi, au mkojo ukawa hauzuiliki, au mtu akianguka asiweze kusimama, hapo si pa kungoja. Ni pa kwenda kwa daktari siku ile ile. Makueni walilitambua tatizo la gharama, wakaanzisha mwaka 2016 mpango wa matibabu wa kaunti ambao kaya ilichangia shilingi 500 kwa mwaka. Na hapa Mombasa, karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 na chama cha kuwahudumia walemavu cha Kenya, zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa mwenye gongo ni fundi kama fundi mwingine.

Dini yetu haikumwonea haya mwenye udhuru. Nabii Musa alipoulizwa na Mola wake kilichomo mkononi, alijibu kuwa ni fimbo yake, na matumizi ya kwanza aliyoyataja ni kuegemea. Nabii Suleiman, pamoja na ufalme wake wote, mauti yalimkuta ameegemea fimbo. Na Imran bin Husayn, sahaba aliyekuwa na bawasiri, alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, habari ya sala, alijibiwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Maradhi ya mahali pa siri yaliulizwa wazi, yakajibiwa wazi.

Basi mwenye binti, mke au mama anayeshika ukuta akienda uani, na asiulizwe anajifanya nini. Apelekwe kwa daktari ajue asili ya maumivu yake, kisha apimiwe fimbo kwa kifundo cha mkono wake na afundishwe kuishika upande usiouma. Na sisi tulio barazani, apitapo, tumwitikie salamu yake na tumpishe njia. Hujafa hujaumbika.